Njia Zisizo na Uwili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Advaita, Usufi, Zen na Jamaa Zao

Maswali haya huulizwa tena na tena na watu walioanza kusoma au kusikiliza mafundisho ya Advaita ya Wahindu, Usufi wa Waislamu, Zen na Dzogchen za Wabuddha, na Wakristo wa sala ya ndani, wakakuta yanafanana hapa na kugongana pale. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Pale ambapo jambo limeshaelezwa, utaelekezwa kwenye swali lake.

## Misingi

1. Kutokuwa na uwili maana yake nini hasa?

Ni dai kwamba mpaka fulani tunaouona kuwa wa msingi kabisa hausimami ukichunguzwa, ama kwa hoja, ama kwa tafakuri ya muda mrefu, ama kwa vyote viwili. Unaweza kuwa mpaka kati ya nafsi na Mungu, kati ya anayeona na kinachoonwa, au kati ya maisha haya ya taabu na ukombozi.

Hakuna mila inayoukana kila mpaka kwa namna moja. Kwa hiyo mwalimu akisema "hakuna wawili", muulize kwanza: wawili gani? Mwalimu wa Advaita anakusudia Atman, yaani nafsi ya ndani kabisa, na Brahman, uhalisi wa mwisho. Mbuddha wa shule ya Yogachara anakusudia anayejua na kinachojuliwa. Nagarjuna, mwanafalsafa wa Kibuddha, anakusudia mzunguko wa kuzaliwa na kufa kwa upande mmoja, na nirvana, yaani ukombozi, kwa upande wa pili. Sufi wa mkondo wa Ibn Arabi (tazama swali la 7) anazungumzia kuwepo kwenyewe: kwamba kuwepo kwa haki ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Ukiishika hiyo "wawili gani?" utaepuka sehemu kubwa ya mkanganyiko, na majibu mengi hapa chini yameegemea hapo.

2. Si wote wanasema jambo moja kwa lugha tofauti?

Hapana. Naelewa kwa nini wazo hilo linavutia, hasa kwetu tunaoishi mtaa mmoja na watu wa dini nyingine na tunaotamani amani. Lakini amani haihitaji tuwalazimishe watu waseme wasichosema.

Shankara, mwalimu mkuu wa Advaita wa karne ya 8, alitumia sehemu nzima za maandiko yake kuwapinga Wabuddha. Walimu wa Zen waliikemea mara nyingi fikra ya roho isiyobadilika inayokaa ndani ya mwili. Ahmad Sirhindi wa India, aliyefariki 1624, alikuwa Sufi mwenye tarika, na bado aliwakosoa wafuasi wa Ibn Arabi. Watu hawa waliyajua mafundisho waliyoyapinga kuliko tunavyoyajua sisi. Kuwaambia kwamba wote walikuwa wakisema neno moja bila wao kujua ni kuwavunjia heshima.

Wasomi pia wamegawanyika. Mwaka 1978 Steven Katz alitoa hoja kwamba hakuna tukio la kiroho lisilopitia lugha na malezi ya mtu: anayelelewa katika sala ya Kikristo hukutana na Kristo, na Mbuddha hukutana na kile alichofundishwa kukitafuta. Robert Forman na wenzake walijibu kwamba zipo nyakati za fahamu tulivu isiyo na mawazo wala picha, na kwamba hizo haziwezi kuwa zimepambwa na mila yoyote. Mimi naona ufanano upo kweli katika yale yanayompata anayeketi kutafakari: pumzi kutulia, maneno ya kichwani kupungua, ule mshiko wa "mimi" kulegea. Tofauti ziko katika kile anachoambiwa kuhusu maana ya hayo, na katika namna anavyoishi baada yake. Tofauti hizo si ndogo.

3. Ni mila zipi zinazohesabiwa humu?

Kwa kawaida ni Advaita Vedanta na Ushaiva wa Kashmir (mkondo wa wafuasi wa Shiva) huko India. Madhyamaka (mkondo wa Nagarjuna), Yogachara, Zen, na Mahamudra na Dzogchen za Tibet kwa Wabuddha. Mkondo wa Ibn Arabi kwa Masufi. Meister Eckhart na wachache wengine kwa Wakristo. Na Utao wa China.

Usidhani Uhindu wote au Ubuddha wote uko hivyo. Hekalu la Kibuddha lililopo Upanga, Dar es Salaam, lina asili ya Sri Lanka na ni la Theravada, tawi la kale la Ubuddha, na mtawa wa Theravada Bhikkhu Bodhi ameandika wazi kwamba mafundisho ya Buddha yaliyohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko hayo, hayahubiri kutokuwa na uwili. Mahekalu ya Swaminarayan yaliyopo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam yanafuata imani inayomtofautisha Mungu na roho ya mja milele. Wengi wa majirani zetu Wahindu ni watu wa ibada na mapenzi kwa Mungu anayeabudiwa, si wa Advaita.

4. Kwa hiyo wanasema kila kitu ni Mungu?

Si hivyo. Kusema kila kitu ni Mungu ni kuvikusanya mawe, miti na watu, kisha kuuita mkusanyiko huo Mungu. Advaita inasema kinyume chake: Brahman hana sehemu, kwa hiyo hajumlishwi kutokana na vitu. Ibn Arabi anasema vitu havina kuwepo kwao wenyewe, vimeazimwa tu. Na Ubuddha haufundishi kuwepo kwa Mungu muumba. Kwa undani zaidi tazama maswali ya 5 na 7.

## Mafundisho yakiwekwa kando kwa kando

5. Advaita na Ubuddha zote zinasema "mimi" wa kila siku ni dhana. Zinaachana wapi?

Zinasafiri pamoja mbali sana, kisha zinaachana mwishoni. Katika Chandogya Upanishad, andiko la kale la Wahindu, Uddalaka anamfundisha mwanawe Shvetaketu na kumwambia mara tisa: "Wewe ndiye huyo." Advaita inaichukua kauli hiyo kwa uzito wake wote. Mwili si wewe, kwa sababu unauona. Hisia si wewe, kwa sababu unazijua zikija na kuondoka. Mawazo vilevile. Inayobaki ni fahamu inayoshuhudia hayo yote, isiyobadilika na isiyo na wa pili, na hiyo ndiyo wewe.

Mbuddha anavua hivyohivyo, tabaka baada ya tabaka, ila hakubali kusimama hapo. Anasema: hata hiyo fahamu unayoiita shahidi hutokea kwa sababu na masharti. Itafute uione. Nagarjuna, aliyeishi India yapata karne ya 2 au ya 3, alionyesha kwamba hakuna kitu chenye asili yake chenyewe kisichotegemea kingine. Huo ndio utupu, shunyata. Tena akaonya kwamba utupu nao si kitu cha kushikilia, na kwamba anayeuelewa vibaya huangamia kama mtu aliyemkamata nyoka vibaya.

Kwa anayeketi, tofauti hii inaonekana hivi: mwalimu wa Advaita atakuambia utulie katika ule ushuhuda, mwalimu wa Madhyamaka atakuambia ugeuke umtafute shahidi mwenyewe, na usipomwona ukae katika kule kutomwona.

Hata hivyo mstari haujanyooka. Wapinzani wa Shankara ndani ya Uhindu walimshutumu kuwa ni Mbuddha aliyejificha. Huko Tibet, Dolpopa (1292–1361) alifundisha kwamba uhalisi wa mwisho ni mtupu wa vingine vyote lakini si mtupu wa uhalisi wake wenyewe, na shule ya Tsongkhapa (1357–1419) ikaliona hilo kuwa ni kumrudisha Atman kupitia mlango wa nyuma. Wanaoulizana swali hili leo wanaendeleza mjadala wa wenyewe.

6. Je, wanasema dunia ni ndoto tu?

Wachache wanasema hivyo, na mara nyingi hunukuliwa visivyo. Shankara alisema dunia haiwezi kuitwa kweli kabisa, kwa sababu hupotea mbele ya ujuzi wa Brahman, wala haiwezi kuitwa si kweli kabisa, kwa sababu tunaiona na inatenda kazi. Alipowajibu Wayogachara aliandika kwamba tunayoyaona macho si sawa na ndoto, kwa maana ndoto hukanushwa tunapoamka.

Ushaiva wa Kashmir unakwenda mbali zaidi upande wa pili. Kwa Abhinavagupta, aliyeandika yapata mwaka 1000, dunia ni kweli kwa sababu ni Shiva mwenyewe akijidhihirisha kwa uhuru wake. Hakuna udanganyifu wa kuondolewa. Kuna kusahau, na kinachotakiwa ni kumtambua tena. Ndiyo maana mazoezi yao hayakimbii mwili: ladha ya chakula, muziki, mshtuko wa furaha au wa hofu, kila kimoja kinaweza kuwa mlango.

Ikiwa mtu amefiwa, kumwambia "yote ni ndoto" ni ukatili, na hakuna mila humu inayoruhusu fundisho litumike hivyo.

7. Wahdatul-wujudi ni nini? Je, Ibn Arabi alisema mtu ni Mungu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu zaidi na wasomaji Waislamu, na linastahili nafasi.

Muhyiddin Ibn Arabi alizaliwa Murcia, Andalusia, mwaka 1165, na akafariki Dameski mwaka 1240. Maneno "wahdatul-wujudi", umoja wa kuwepo, hayamo katika maandiko yake kama istilahi ya fundisho lake. Waliokuja baadaye, wafuasi na wapinzani, ndio walioyafanya kuwa jina la fundisho. Anachosema ni kwamba kuwepo kwa haki ni kwa Allah. Viumbe havikuwepo, vikapewa kuwepo, na havina umiliki wa hicho walichopewa. Katika kila kiumbe sifa za Mola hudhihirika kwa kadiri ya kiumbe hicho, lakini dhati Yake haifikiwi na yeyote. Yeye hafanani na chochote, na wakati huohuo hakuna kitu ambacho Hayuko karibu nacho. Ibn Arabi anayashika yote mawili pamoja, na anayelishika moja tu anamkosea.

Kauli mashuhuri inayonasibishwa naye inasema: mja ni mja hata akipanda, na Mola ni Mola hata akishuka. Mtu anayeinukuu wahdatul-wujudi ili ajifanye mungu ameirarua katikati.

Upinzani haukuwa mdogo. Mwanachuoni Ibn Taymiyya aliiona kuwa ni kuondoa tofauti ya Muumba na muumbwa. Sirhindi alijibu kwa upole zaidi. Alisema ule umoja ni wa kushuhudia, si wa kuwepo: jua likichomoza nyota hazionekani, na anayetazama huona jua peke yake, lakini nyota zingalipo. Fundisho lake huitwa wahdatush-shuhudi. Kabla yao wote, Junayd wa Baghdad, aliyefariki 910, alikuwa ameieleza tauhidi kuwa ni kumtenga wa Milele na kilichozuka. Junayd huyo ndiye aliyefundisha kwamba baada ya fanaa, kutoweka kwa nafsi mbele ya Mola, huja bakaa: mja hurudishwa akiwa mzima, mwenye akili zake, anayeswali na kufunga kama wengine.

Hallaj, aliyeuawa Baghdad mwaka 922 na anayekumbukwa kwa kusema "Mimi ndiye Haki", wengi wa Masufi hawakumlaani, lakini hawakumfanya kigezo pia. Walisema alitamka hadharani neno la hali iliyomzidi.

8. Ukristo nao unalo jambo hili?

Upo mkondo mwembamba. Meister Eckhart, Mdominiko wa Ujerumani (karibu 1260–1328), alihubiri kwa lugha ya watu wa kawaida kwamba katika kina cha roho pana mahali ambapo kina cha Mungu na kina cha roho ni kimoja, na kwamba mtu hufika huko kwa kuachilia: mali, kujipenda, hata picha aliyonayo ya Mungu. Mwaka 1329, baada ya kifo chake, hati ya Papa Yohane XXII iliorodhesha kauli 28 kutoka katika mafundisho yake, nyingine zikahukumiwa kuwa uzushi na nyingine zikatajwa kuwa za kutia shaka.

Kanisa la Mashariki lilichukua njia nyingine. Gregory Palamas (1296–1359) alitetea watawa wa Mlima Athos waliodai kuiona nuru ya Mungu. Alisema mwanadamu hushiriki nguvu za Mungu kwelikweli, lakini asili Yake haifikiwi kamwe. Nani asiyeona jinsi jibu hilo lilivyo jirani na lile la dhati na sifa katika swali la 7? Lakini Palamas asingekubali kuitwa mtu wa kutokuwa na uwili, nami simwiti hivyo.

## Mazoezi

9. Kuuliza "mimi ni nani?" kunafanywaje?

Njia hii imeenezwa hasa na Ramana Maharshi (1879–1950). Mwaka 1896, akiwa kijana wa miaka 16 huko Madurai, alishikwa na hofu ya ghafla ya kifo, akajilaza kama maiti na kutazama ni nini hasa kinachokufa. Wiki chache baadaye aliondoka nyumbani akaenda Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, na hakuondoka tena hadi mwisho wa maisha yake.

Zoezi lenyewe ni hili. Wazo linapozuka, usilifuate. Uliza limemjia nani. Jibu linakuja: mimi. Basi huyo mimi anatokea wapi? Uangalifu unarudi kwenye ile hisia ya kuwepo yenyewe, na unakaa hapo. Wazo jingine likija, unaanza tena. Wengi hukosea kwa kulirudia swali kama uradi, au kulijibu kwa maneno: "mimi ni fahamu, mimi ni nuru". Yote mawili yanairudisha akili kazini.

Kumbuka pia kwamba Advaita ya kale haianzii hapo. Inaanzia kwa kusikiliza maandiko kwa mwalimu, kisha kuyapima kwa hoja hadi shaka iishe, kisha kuyatafakari kwa kudumu. Na kabla ya hayo mwanafunzi anadaiwa uwezo wa kupambanua, kutotawaliwa na tamaa, utulivu, na kiu ya kweli ya kuwa huru. Ramana mwenyewe aliwaambia waliolemewa na kujiuliza kwamba njia ya kujisalimisha kwa Mungu inatosha.

10. Zen inafanya nini tofauti?

Inaweka mkazo kwenye mwili ulioketi. Katika shule ya Soto ya Japani unakaa, mgongo umenyooka, macho nusu wazi, bila kutafuta hali yoyote. Mawazo hayafukuzwi wala hayakaribishwi. Katika shule ya Rinzai unaongezewa koan, swali lisilojibika kwa hoja. La kwanza katika mkusanyiko wa koan 48 uliotolewa China mwaka 1228 ni la mtawa aliyemuuliza mwalimu Zhaozhou kama mbwa ana asili ya Buddha, akajibiwa "Mu", yaani hapana au hakuna. Mwanafunzi hubeba hiyo "Mu" mchana na usiku na kuiwasilisha mbele ya mwalimu faraghani. Jibu la kitabuni hukataliwa papo hapo.

11. Zikri ni taamuli? Na zikri ya pwani yetu inaingia humu?

Zikri ni kumkumbuka Mwenyezi Mungu, kwa ulimi, kwa moyo, kisha kwa siri ya ndani, kama Masufi wanavyopanga. Ndani ya Usufi yapo pia mazoezi yaliyo karibu zaidi na kile watu wanachokiita taamuli: murakaba, yaani kukaa ukijua kwamba Mola anakuona, na khalwa, kujitenga kwa siku kadhaa chini ya uangalizi wa sheikh.

Pwani ya Afrika Mashariki ina urithi mkubwa hapa, nao haujulikani vya kutosha hata na watoto wa pwani wenyewe. Tarika ya Qadiriyya ilienezwa sana Unguja na bara na Sheikh Uways wa Barawa (1847–1909). Shadhiliyya ilikuja kwa nguvu kutoka Ngazija kupitia Sheikh Muhammad Maarufu (1853–1905). Masharifu wa Alawiyya walileta nyiradi za Hadhramaut, na Ratibul Haddad, iliyopangwa na Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim (1634–1720), inasomwa hadi leo katika misikiti mingi. Huko Lamu, msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh umekuwa chuo na kitovu cha maulidi.

Je, hii yote ni njia isiyo na uwili? Kwa sehemu kubwa, hapana, na hakuna haja ya kuipa jina hilo ili iheshimiwe. Kinachofundishwa kwa muridi wa kawaida ni adabu, kumswalia Mtume, kutubu na kulainisha moyo. Mambo ya Ibn Arabi yaliachiwa wachache waliokwisha kukomaa katika sharia. Katika halaka ya zikri watu wakisimama bega kwa bega, pumzi zikawa moja na jina likawa moja, mtu anaweza kujisahau kabisa. Lakini mashekhe wanamfundisha ajione ni mja aliyepewa neema, asijione amekuwa kitu kingine.

12. Kwa nini Dzogchen hufundishwa kwa siri?

Kwa sababu inaanzia pale ambapo nyingine zinaishia. Mwalimu humwonyesha mwanafunzi rigpa, ule ujuzi wa asili uliopo kabla ya wazo, na kazi inayobaki ni kuuzoea. Anayeambiwa hivyo bila maandalizi huchukua utulivu wa kawaida, au usingizi mwepesi, akaudhania kuwa ndio wenyewe. Ndiyo maana walimu wengi hudai kwanza mazoezi ya msingi, ikiwemo kusujudu mara 100,000.

13. Kama tayari niko kamili, kwa nini nifanye zoezi lolote?

Swali hili lilimsumbua Dogen (1200–1253) alipokuwa mtawa kijana Japani: ikiwa viumbe wote wana asili ya Buddha, mabuddha wote walijitaabisha kwa nini? Alisafiri hadi China mwaka 1223 akilitafutia jibu. Alichorudi nacho ni kwamba zoezi na kuamka si vitu viwili. Si kwamba unaketi ili uwe Buddha baadaye. Kuketi kwenyewe ndiko Buddha akitenda. Kwa hiyo hakuna siku ambayo mtu "amefika" na kuacha.

Shankara anajibu tofauti kabisa. Kwake tendo lolote, hata taamuli, haliwezi kuzaa ukombozi, kwa kuwa kilichozalishwa hufa. Ujuzi peke yake huondoa ujinga. Zoezi linasafisha akili ili ujuzi uweze kushika, kisha limemaliza kazi. Sufi naye atashangaa kuulizwa: ibada ni haki ya Mola juu ya mja, iwe imempa hali au haikumpa.

Ukitaka kuona kwamba mila hizi si kitu kimoja, linganisha majibu haya matatu.

14. Naweza kuchanganya: asubuhi zazen (kuketi kwa Zen), jioni zikri, kabla ya kulala "mimi ni nani"?

Nakushauri usifanye hivyo, angalau kwa miaka ya mwanzo. Kutulia kwa kuhesabu pumzi hakuna tatizo na karibu kila mtu anaweza kukutumia. Lakini kujiuliza kwa Ramana kunamtafuta aliye ndani, na zikri inamwelekea anayetajwa. Ukizifanya zote, kila moja itavuta akili upande wake, na lile lililo gumu katika moja utalikimbia kwa kuingia katika nyingine. Soma nyingi, fanya moja.

15. Lazima niwe na mwalimu?

Kwa Dzogchen, koan na tarika, ndiyo, bila mwalimu njia yenyewe haipo. Kwa kuketi kimya au Sala ya Yesu ("Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi") mtu anaweza kuanza kwa unyenyekevu, ingawa mapadri wa Kiorthodoksi, ambao wapo Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo, watakuambia usiibebe sala hiyo mbali bila kiongozi. Video za mitandaoni zinaweza kukufundisha maneno. Haziwezi kukuona unapojidanganya.

## Maswali magumu

16. Mimi ni Mwislamu, au Mkristo. Nikifanya haya natoka katika imani yangu?

Inategemea unafanya nini. Kukaa kimya na kutazama pumzi si ibada ya yeyote. Kuanzishwa katika ibada za Tibet, kutoa sadaka mbele ya sanamu, au kukiri kwamba nafsi yako ndiyo Brahman, hayo ni maungamo, na mwenye imani ana haki ya kuyakataa bila kuonekana mwenye akili finyu. Kabla ya kwenda mbali, jifunze kilichomo nyumbani kwako: maswali ya 7, 8 na 11. Kisha zungumza na sheikh au padri anayelijua jambo hili, si kila mmoja analijua.

17. Kama hakuna wawili, nani anayetenda dhambi? Nani anayedhulumiwa?

Swali hili lazima liulizwe, kwa sababu fundisho hili limewahi kutumika vibaya sana. Kabla ya mwaka 1945 walimu kadhaa wa Zen huko Japani waliunga mkono vita, wengine wakitumia maneno ya utupu kumfundisha askari kwamba hakuna anayeua wala anayeuawa.

Mila zenyewe zina ulinzi wake. Wabuddha wanafundisha kweli mbili: katika kweli ya kawaida matendo yana matunda, na Nagarjuna alisema kweli ya juu haifundishwi bila kuegemea ile ya kawaida. Advaita inadai maadili kabla ya mafundisho. Masufi wanasema hakuna hakika bila sharia. Mtu akikuumiza kisha akakuambia "hakuna aliyeumizwa", ametoka nje ya mila zote hizi kwa pamoja.

18. Nikiwa naketi, "mimi" alipotea na nikaogopa sana. Au dunia imekuwa kama si halisi. Nifanye nini?

Acha zoezi kwa sasa. Kula, lala, tembea, fanya kazi ya mikono, kaa na watu unaowaamini. Usifunge na usikeshe. Usingizi ukikukimbia usiku kadhaa mfululizo, ukisikia sauti, ukijiona una ujumbe maalumu kwa dunia, au ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo na umweleze daktari ulichokuwa ukifanya. Aliyewahi kuugua kichaa au mwenye kifafa amwone daktari kabla ya kuingia katika mafungo marefu.

Haya si mageni wala si aibu. Mwalimu wa Zen Hakuin (1686–1769) aliugua mwili na akili kwa kujisukuma kupita kiasi, akaandika juu yake ili wengine wajihadhari. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha matokeo ya mahojiano na Wabuddha wa Magharibi wanaofanya taamuli, wakaainisha aina 59 za matukio, na hofu na kujihisi si halisi zimo. Mwalimu anayekuambia uendelee tu huku unazama, mwache.

19. Sayansi imethibitisha kutokuwa na uwili?

Haijathibitisha na haiwezi kwa vipimo vyake. Vipimo vya ubongo vimeonyesha kwamba kwa wazoefu wa taamuli, maeneo yanayoshughulika na kujiwazia hupunguza kazi. Hilo linatuambia kinachotokea kichwani. Kama kuwepo ni kumoja au la ni jambo la hoja na ushuhuda mwingine.

20. Je, utu wetu wa Kiafrika si kutokuwa na uwili?

Utu una uzito wake na sioni sababu ya kuuvika nguo ya India. Mwanateolojia Mkenya John Mbiti alilieleza wazo hilo kwa kusema kwamba mtu yupo kwa sababu jamii ipo. Hapo hakuna anayetoweka: mimi, wewe, waliokufa na watakaozaliwa, kila mmoja yupo na anadaiwa wajibu kwa mwenzake. Uhusiano unahitaji wawili au zaidi. Aliye jirani zaidi katika orodha yetu ni Mbuddha anayesema hakuna kinachosimama bila kingine, lakini yeye anazungumzia vitu vyote vilivyopo, na utu unazungumzia watu.

21. Niliwahi kupata tukio kubwa, mpaka ukaondoka kabisa. Halijarudi tangu hapo. Nilipotea wapi?

Pengine hukupotea. Advaita itakuambia kwamba chenye mwanzo na mwisho hakikuwa kile unachotafuta, kwa hiyo uliza ni nani aliyekuwepo kabla yake na baada yake. Hakuin angekuambia kwamba kuona mara ya kwanza ndiko kunakoanzisha mafunzo, na angekupa koan nyingine. Junayd angetazama mwenendo wako tangu siku ile: umekuwa mpole zaidi na wakeo au mumeo, umelipa madeni, unaswali kwa wakati?

Kinachowaharibu watu wengi ni kuketi kila siku wakilingoja lijirudie. Mwelezee mwalimu mmoja unayemwamini, usilisimulie ovyo, kisha rudi kwenye zoezi lile dogo ulilokuwa nalo kabla halijakujia, kwa muda uleule na saa ileile.